Ritifaa ya Mang'ula

Bonde la Kilombero lina jina moja linaloweza kuangusha tovuti. Ni Mang'ula, mji mdogo ulio chini ya Milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya Ifakara kwenda Mikumi. Reli ya TAZARA ina kituo hapo, na ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Jina lenyewe halina ubaya. Tatizo ni ile alama ndogo ya katikati, ritifaa, ambayo kwa msomaji wa Kiswahili huonyesha sauti moja ya puani, ile ya ng'ombe na ng'oa. Kwa kanzidata inayoelewa lugha ya SQL, alama hiyohiyo ina kazi nyingine kabisa: hufungua na kufunga maneno yaliyonukuliwa.

Tuseme ukurasa wa tovuti una kisanduku cha kuandika jina la kijiji ili kupata orodha ya kaya. Programu inalichukua jina, inalibandika katikati ya maneno yake yenyewe, na kuipelekea seva mstari huu:

SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = 'Mang'ula'

Seva husoma kutoka kushoto. Ikikuta ritifaa ya kwanza, inajua jina limeanza. Ikikuta ya pili, baada ya g, inajua jina limekwisha: ni Mang. Kisha inakumbana na "ula", ambalo si amri wala si kitu inachokijua, na mwishoni ritifaa ya tatu isiyo na mwenzake. Inaukataa mstari mzima. Mtu wa Lumemo akiandika jina la kata yake kwenye kisanduku hichohicho, au mtu wa Idete, au wa Lupiro ng'ambo ya mto, anapata orodha yake bila wasiwasi. Ndiyo maana kosa la namna hii huweza kulala ndani ya programu kwa miaka, mpaka siku anapokuja mtu wa Mang'ula.

Waandishi wa programu wa Ulaya na Marekani hufundishana jambo hili kwa majina ya Kiayalandi, O'Brien na O'Connor. Kilombero hakuna haja ya kuazima mfano. Tangu miaka ya 1980 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakiingia bondeni na mifugo yao, na wengi wao wana majina yanayoanza kwa Ng'w. Operesheni ya mwaka 2012 iliondoa mifugo mingi, lakini haikuyafuta majina hayo kwenye madaftari ya shule na zahanati. Hata mnyama aliyewaleta huku anaandikwa kwa ritifaa.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuifuta alama. Mang'ula inabaki Mangula, na Mangula ni jina jingine, la ukoo, ambalo Watanzania wanalifahamu kwa Philip Mangula, Makamu Mwenyekiti wa CCM kuanzia 2012 hadi 2022. Kanzidata imeacha kulalamika, lakini kijiji kimepotea.

Dawa ya kweli ni ya zamani kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zikae katika majedwali, na mtu aulize anachokitaka bila kujua zimehifadhiwaje kwenye diski. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa maabara hiyohiyo walitangaza lugha ya kuulizia, wakaiita SEQUEL. Baadaye jina likafupishwa kuwa SQL. Boyce hakuishi kuona ilikofika, kwani alifariki ghafla mwaka huohuo akiwa bado kijana. Mradi wa kuijaribu lugha hiyo kwa vitendo uliitwa System R, na mteja wake wa kwanza, mwaka 1977, alikuwa Pratt & Whitney, watengenezaji wa injini za ndege.

Ndani ya System R lilijitokeza suala la gharama. Kila sentensi ya SQL inapofika, mashine ina kazi ya kufanya kabla ya kugusa data: kuichambua sentensi, kuhakikisha majedwali yanayotajwa yapo, kuangalia kama muulizaji ana ruhusa, na kuchagua njia ya kupita, kwa faharasa au kwa kukagua safu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulipata jibu lenyewe. Raymond Lorie, mmoja wa watafiti wa mradi huo, aliona kwamba inaweza kufanywa mara moja tu, mapema, na matokeo yake yakahifadhiwa tayari kwa matumizi. Mtu anayeandika programu kwa COBOL aliweka sentensi ya SQL ndani yake, na mahali palipohitaji jina la mteja au namba ya kifaa akataja kigeu chake, yaani lile jina katika programu ambalo thamani yake hubadilika kila mara. Kwa sentensi ambazo hazikujulikana mapema zilikuwepo amri mbili, PREPARE na EXECUTE: ya kwanza kuiandaa kauli, ya pili kuitekeleza, na alama ya kiulizo ikishika nafasi ya thamani itakayokuja baadaye.

Sababu yao ilikuwa kasi. Hakuna aliyekuwa akiwawazia wezi, kwa kuwa mashine zilikaa kwenye vyumba vilivyofungwa na waliozitumia walikuwa waajiriwa. Lakini pamoja na kasi walipata kitu kingine, nusu kwa bahati. Thamani inayofika baada ya kauli kuandaliwa haiwezi kuigeuza kauli hiyo. Uchambuzi umekwisha. Ritifaa inayokuja sasa ni herufi kama herufi nyingine.

Utaratibu huo ukarithiwa na karibu kila chombo kilichofuata. ODBC ya Microsoft ya mwaka 1992 ilikuwa nao, DBI ya lugha ya Perl iliyoanzishwa na Tim Bunce mwaka 1994 pia, na JDBC ya Java mwaka 1997. Alama ya kiulizo ni ileile kote. Kwa watu wa Oracle suala la kasi likawa karibu dini. Oracle huhifadhi kauli ilizokwisha kuzichambua kwenye kumbukumbu ya pamoja. Ukiuliza habari za watu elfu sitini kwa kubandika namba ya kila mmoja ndani ya sentensi, kwake hizo ni sentensi elfu sitini tofauti, na kila moja inachambuliwa upya. Ukifungamanisha kigeu, yaani ukikiunganisha na nafasi iliyoachwa wazi ndani ya kauli, ni sentensi moja inayotumika mara elfu sitini. Tom Kyte, mtaalamu wa kampuni hiyo, alilihubiri jambo hilo kwa miaka mingi kwa ukali wa mwalimu aliyechoka kusahihisha kosa lilelile.

Sasa turudi bondeni. Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi ikafungua maabara hapo. Maabara hiyo ilibadilika sura na jina kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 1996 ikawa Kituo cha Utafiti na Maendeleo ya Afya Ifakara, na mwaka 2008 ikachukua jina lililopo sasa, Ifakara Health Institute. Wakati huo jina lake lilikuwa tayari linajulikana mbali, hasa baada ya jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66 katika kijiji cha Idete, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994.

Mwishoni mwa 1996 kituo hicho kilianza kuhesabu watu. Vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga viliandikishwa nyumba kwa nyumba, na baada ya hapo wadadisi wakawa wanarudi kwenye kila kaya kila baada ya miezi 4 na maswali yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama, nani ni mjamzito. Kazi hiyo iliambatana na mradi wa KINET wa kusambaza vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, huku wajawazito na mama wenye watoto wadogo wakipewa hati ya punguzo la bei. Ili kujua kama chandarua kinaokoa maisha ilibidi kujua ni mtoto yupi aliyelala ndani yake, alizaliwa lini, na kama bado yu hai. Jibu lilitoka mwaka 2001 katika jarida la The Lancet: chandarua kilichotiwa dawa kiliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Mipango ya taifa ya vyandarua iliyofuata ilisimama juu ya namba kama hiyo, na namba hiyo ilisimama juu ya fomu za karatasi.

Fomu ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini. Ilichapishwa kabla mdadisi hajatoka ofisini. Maswali yake yalikuwa yamekwisha kupangwa, na kila swali lilikuwa na nafasi wazi mbele yake. Mdadisi alipokaa uani na mwenye kaya, lolote aliloambiwa lilikwenda kwenye nafasi ile. Jina lingeweza kuwa na ritifaa tatu. Mzee angeweza kujibu kwa methali, au kwa matusi, au kwa kuuliza swali lake mwenyewe. Hakuna jibu ambalo lingeligeuza swali lililochapishwa, wala kuifanya fomu ya kaya moja itoe siri za kaya nyingine. Hiyo ndiyo kauli iliyoandaliwa, na mdadisi ndiye aliyekuwa akifungamanisha vigeu, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

Fomu zilisafiri hadi Ifakara. Zile za upande wa Ulanga zilivushwa Mto Kilombero kwa kivuko, kwa sababu daraja linaloitwa leo Daraja la Magufuli halikufunguliwa rasmi hadi 2018. Kwenye kompyuta zilipokewa na programu iitwayo HRS, mfumo wa kuandikisha kaya uliotokana na ushirikiano wa kituo cha utafiti cha Navrongo nchini Ghana, Population Council ya New York na Chuo Kikuu cha Southern Maine. HRS iliandikwa kwa FoxPro, na katika FoxPro kisanduku cha kwenye skrini kinaweza kufungwa moja kwa moja na safu ya jedwali lililoko kwenye diski. Karani akiandika Mang'ula, herufi saba na ritifaa moja zinaingia kama zilivyo. Hakuna sentensi inayotungwa, kwa hiyo hakuna sentensi ya kuvunjika. Ugumu wa HRS ulikuwa kwingine: ilikagua mantiki ya maisha yenyewe, ikagoma kupokea ujauzito wa mwanamume au safari ya marehemu. Na kila mtu alitambulika kwa namba yake ya kudumu, kwani katika vijiji vyetu majina yanajirudia mno kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Kwa maneno mengine, hadi mwaka 1996 Ifakara na San Jose walikuwa wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti: swali linakaa peke yake, jibu linakaa peke yake. Kilichoenea baadaye kilikuwa kurudi nyuma.

Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, Mdenmaki aliyezaliwa Greenland na baadaye kuhamia Kanada, alitoa vizana alivyokuwa akivitumia kwenye ukurasa wake binafsi wa tovuti. Hivyo ndivyo vilivyokua vikawa lugha ya PHP. Miaka hiyohiyo, Sweden, Michael Widenius na wenzake walikuwa wakitengeneza MySQL. Vyote viwili vilikuwa bure, viliendeshwa kwenye seva za bei nafuu, na vilifundishika kwa haraka. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta moja ya kuazima aliweza kujenga tovuti nzima bila kumlipa mtu leseni. Simlaumu yeyote aliyevikimbilia. Lakini MySQL ya wakati huo haikuwa na kauli zilizoandaliwa kabisa. Njia pekee ya kuiuliza ilikuwa kutunga sentensi kwa kubandika vipande, jibu la mtumiaji likiwa ndani ya swali, na PHP ililifanya jambo hilo kuwa jepesi kupita kiasi: unaandika jina la kigeu ndani ya alama za kunukuu, nacho kinajaa chenyewe. Kizazi kizima kilijifunza hivyo, na waliojifunza wakawafundisha wengine. Uzembe ulichangia, lakini kwanza lilikuwa pengo la chombo chenyewe.

Tarehe 25 Desemba 1998 jarida la wadukuzi la Phrack, toleo la 54, lilichapisha makala ya mtu aliyejiita Rain Forest Puppy, ambaye jina lake halisi ni Jeff Forristal. Alieleza jinsi mtu anavyoweza kuandika kwenye kisanduku cha tovuti maneno yatakayosomwa na seva kama amri. Kilichokuwa kero ya kina O'Brien na watu wa Mang'ula kilionekana sasa kuwa mlango. Maana kama ritifaa inaweza kulikatisha jina kwa bahati mbaya, inaweza pia kulikatisha kwa makusudi, na baada yake mtu akaandika anachotaka. Badala ya jina la kijiji anaweka x' OR 'a'='a, na sentensi inayofika kwa seva inaomba kaya ambazo kijiji chake ni x, au kaya zozote ikiwa a ni sawa na a. Na a daima ni sawa na a. Jedwali zima linatoka nje.

Mifano ya dunia ni mingi, na miwili inatosha. Kampuni ya malipo ya Heartland ya Marekani iliingiliwa kwa njia hii, na kundi la Albert Gonzalez likachukua taarifa za kadi zinazokadiriwa kufika milioni 130. Gonzalez alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2010. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa taarifa za wateja 156,959 kupitia kurasa za zamani ilizozirithi pamoja na kampuni nyingine iliyoinunua, ikatozwa faini ya pauni 400,000. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu makala ya Phrack, na karibu 40 tangu PREPARE ya System R.

PHP ilijaribu kujitetea kwa njia ambayo ninaiona kuwa kosa kubwa kuliko lile ililokuja kulirekebisha. Iliweka mpango ulioitwa magic quotes: kila ritifaa inayoingia kutoka kwa mtumiaji iliongezewa mbele yake mkwaju uliolalia kinyume, ili seva ijue kwamba hiyo ni herufi tu. Lakini PHP haikujua data inaelekea wapi. Jina lililokuwa linakwenda kwenye barua au kwenye skrini nalo lilitiwa mkwaju, na msomaji akaona Mang\'ula. Fomu ikirudishwa na kutumwa tena, mikwaju ikaongezeka: Mang\\\'ula. Ukikuta tovuti ya zamani yenye majina yaliyoota miba namna hiyo, ujue chanzo ni hicho. Mpango huo ulitangazwa kuwa umepitwa na wakati mwaka 2009 na ukaondolewa kabisa mwaka 2012 katika PHP 5.4.

Pengo lenyewe lilizibwa mwaka 2004. Julai ilitoka PHP 5, ikiwa na mysqli, njia mpya ya kuzungumza na MySQL. Oktoba toleo la MySQL 4.1 likawa tayari kwa kazi, likiwa na kauli zilizoandaliwa. Mwaka uliofuata PHP 5.1 ikaja na PDO, inayozungumza na kanzidata za aina nyingi kwa mtindo mmoja. Sasa mwandishi wa programu aliweza kutuma kwanza SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = ? na kuiacha seva ichambue, kisha akafungamanisha kigeu na kiulizo, kisha akatekeleza. Katika mysqli ilimbidi pia ataje aina ya kila thamani kwa herufi moja: i kwa namba kamili, d kwa namba yenye nukta, s kwa maneno, b kwa vitu vikubwa kama picha.

Hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hulipita haraka, kisha likawarudia usiku. Kinachofungamanishwa ni kigeu, wala si thamani iliyomo kwa wakati huo. Amri ya bind_param ya mysqli na ile ya bindParam ya PDO hazichukui nakala ya Mang'ula na kuiweka kwenye nafasi wazi; zinakumbuka tu ni kigeu gani kinachohusika, na thamani husomwa wakati wa kutekeleza. Kwa chumba cha makarani wenye rundo la fomu huo ni utaratibu mzuri ajabu: unaandaa kauli mara moja, unafungamanisha mara moja, halafu kwa kila fomu unabadilisha vigeu na kutekeleza, bila kurudia chochote.

Lakini mtu akitaka werevu, akaandika kitanzi kinachopita kwenye jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, na ndani ya kitanzi akakifungamanisha kigeu kimoja na nafasi zote tatu, nafasi zote tatu zinakumbuka kigeu kilekile. Kitanzi kikiisha, kigeu kina mwaka wa kuzaliwa. Kauli inatekelezwa, na mtoto anaandikwa jina lake 2003, kijiji chake 2003, mwaka wake 2003. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu safu ya maneno hupokea tarakimu bila kinyongo. PDO ina amri ya pili, bindValue, inayochukua thamani papo hapo, na kwa kazi nyingi za kila siku hiyo ndiyo ya kushika.

PDO ina siri nyingine. Ikizungumza na MySQL, isipoambiwa vinginevyo, huwa haiandai kauli kwenye seva. Huigiza tu, ikibandika thamani yenyewe kwa uangalifu kabla ya kutuma. Mara nyingi haidhuru, mradi mwandishi ametaja sawasawa mfumo wa herufi unaotumika. Ni vizuri kulijua.

Ifakara nayo ilikuwa ikisonga. Mwaka 2007 ufuatiliaji wa watu uliongezwa ndani ya mji wenyewe, mbali na vile vijiji vya mwanzo. Warithi wa HRS, akiwemo Bruce MacLeod wa Southern Maine aliyeshiriki kuijenga ile ya kwanza, walitengeneza mfumo mpya wa wazi ulioitwa OpenHDS: programu ya tovuti iliyoandikwa kwa Java, MySQL ikiwa nyuma yake, na wadadisi wakibeba kifaa cha Android badala ya karatasi. Taasisi ya Ifakara na ile ya Uswisi huko Basel zilikuwa miongoni mwa waliousukuma mbele. Mahali ulipopimwa kwa ukamilifu ni Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia 2012, ambako mradi wa SolarMal ulikuwa ukifuata kila mkazi wa kisiwa ili kupima mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Rusinga huzungumzwa Kijaluo, na Kijaluo kina ng' yake, katikati ya majina na mwanzoni mwake. Kama mfumo ungekuwa wa kubandika maneno, ungevunjika siku ya kwanza.

Haukuwa wa kubandika. OpenHDS ilitumia Hibernate, maktaba ya Java inayosimama kati ya programu na kanzidata. Mwandishi anataja mtu, kaya, kijiji. Hibernate inatunga kauli zenye viulizo, inazifungamanisha na kuzitekeleza bila yeye kuziona. Wengi waliojifunza kwa njia hiyo hawajawahi kuandika kiulizo hata kimoja kwa mkono wao, na ndipo hatari inapojificha, maana Hibernate nayo ina lugha yake ya kuulizia, na hakuna kinachomzuia mtu kubandika jibu la mtumiaji ndani ya sentensi za lugha hiyo. Nimeona programu za Java za gharama kubwa zikifanya hivyohivyo.

Kufungamanisha kuna mipaka yake pia. Kiulizo hushika nafasi ya thamani tu. Hakiwezi kushika nafasi ya jina la jedwali, wala jina la safu, wala neno linaloamua orodha ipangwe kwa kupanda au kwa kushuka, kwa sababu vitu hivyo ni sehemu ya swali lenyewe na seva inavihitaji wakati wa kuchambua. Ukurasa unaomruhusu mtumiaji kuchagua orodha ipangwe kwa kata au kwa kijiji hauokolewi na kiulizo. Inabidi programu iwe na orodha yake fupi ya majina yanayokubalika, na lisilokuwemo likataliwe. Wala kufungamanisha hakusahihishi imla. Anayefuata ulimi wake akaandika Rumemo badala ya Lumemo atapata jibu salama kabisa, lisilo na kaya hata moja.

Kwenye PHP, mambo yalichelewa kwa sababu ndogo ambayo wahandisi huidharau: njia mbaya ilikuwa mstari mmoja, na njia nzuri ilikuwa minne. Kuandaa, kufungamanisha, kutekeleza, kuchukua matokeo. Mwalimu mwenye saa moja darasani alifundisha ule mmoja. Maktaba ya zamani ya mysql iliondolewa katika PHP 7 mwishoni mwa 2015, lakini tabia ilihamia kwenye mysqli bila kubadilika. Novemba 2021 PHP 8.1 iliruhusu thamani zipelekwe moja kwa moja wakati wa kutekeleza, bila hatua ya kufungamanisha. Tarehe 8 Desemba 2022, PHP 8.2 ikaleta amri moja inayofanya yote:

$db->execute_query('SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = ?', [$kijiji]);

Mstari wa kubandika, ule uliofundishwa tangu miaka ya 1990, unasomeka hivi:

$db->query("SELECT * FROM kaya WHERE kijiji = '$kijiji'");

Tofauti ya urefu kati ya mistari hiyo miwili ni herufi na alama 11.